Mpini wa Kiwiko

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili usihangaike kumtafuta mjinga katikati ya hadithi, ukamdhania baba yangu, au baba mkubwa, au yule binti wa mhunzi ambaye hata leo tukikutana njiani hunicheka kwanza ndipo anisalimie. Mjinga ni mimi, na ujinga wangu ulikuwa wa aina mbaya kuliko zote: ule unaofanywa kwa bidii.

Asubuhi za nyumbani kwetu zilikuwa hazibadiliki. Mama aliwasha moto katika jiko la nyuma, kibanda kidogo chenye kuta nyeusi tii kwa moshi. Mimi nilijaza pipa la maji huku nikiongea. Mama aliniita Bwana Maneno, kwa sababu, alivyosema, hata nikilala mdomo wangu ulibaki zamu. Baba alikaa uani juu ya gogo, akalinoa shoka lake kwa jiwe lenye maji, taratibu, bila neno. Kati yetu wawili mzani ulikuwa sawa: maneno niliyopewa ya ziada mimi, nadhani yalitolewa kwenye fungu lake.

Shoka lile halikuwa kama la dukani. Shoka la dukani lina tundu kwenye chuma. Mpini hupenya humo, kisha hukazwa kwa kabari. La Baba lilikuwa kinyume. Chuma hakikuwa na tundu bali mkia mrefu wa pembe nne, na mkia huo ndio uliopenya kwenye mti. Kwa hiyo mpini ulikuwa na kichwa kinene kama cha rungu. Makali yalinolewa upande mmoja tu. Upande wa pili uliachwa bapa kabisa. Na mpini wenyewe, hapo ndipo palikuwa na aibu yangu. Ulitoka kichwani ukapinda kando kama kiwiko cha mtu anayesukuma mlango, kisha mwishoni ukajikunja kama ndoano.

Wanafunzi wenzangu waliliita Kibiongo. Walipita uani kwetu wakienda shule, wakamwamkia Baba kwa adabu zote, na walipofika nyuma ya ua wakaniuliza, "Hivi lile shoka lenu lilianguka kutoka juu ya mti, au mama yake naye alikuwa hivyohivyo?"

Nilicheka nao. Mtani akitaniwa lazima acheke, la sivyo anafukuzwa chamani. Lakini moyoni liliniuma.

Baba alikuwa mchonga boriti. Zamani alifanya kazi kiwandani, kwenye mashine ya kupasua mbao, mpaka mkanda wa mashine ulipomnyang'anya vidole viwili vya mkono wa kulia, cha mwisho na cha pete. Alirudi kutoka hospitali na mkono uliofungwa bendeji, na katika miezi ya kupona alijichongea mpini ule mwenyewe. Mimi nilijua sababu ya kupinda kwake, au nilidhani najua: mtu anayechonga huku mkono una bendeji atachonga nini kilichonyooka?

Baba Mkubwa, kaka yake Baba, alikuwa na ghala la mbao na lori. Baba alipotoka hospitali alimletea zawadi ya shoka jipya la dukani, mpini umenyooka na kupakwa rangi nyekundu. "Utapasulia kuni ndogondogo," alimwambia. "Kazi kubwa basi tena, mdogo wangu. Njoo ukae kwangu, ulinde ghala. Utakaa kwenye kiti." Baba alishukuru, akalitundika lile shoka jekundu ukutani uani, na halikushuka. Baba Mkubwa alimpenda ndugu yake, tusimsingizie. Ila alimpenda kama watu wanavyopenda kikombe chenye ufa: kiwekwe juu ya kabati, kisiguswe.

Ndipo kamati ya shule ikaja na kazi. Njia yetu ya kwenda shule ilikatwa na korongo, na juu yake palikuwa na magogo mawili ya duara tuliyoyavuka kama ndege juu ya waya. Mvua ikinyesha, magogo yaliteleza. Mtoto wa darasa la pili alikuwa amekwisha kuanguka na kuvunjika mguu. Kamati ilitaka boriti mbili ndefu, zenye pande nne zilizonyooka, ili mbao zipigiliwe juu yake, liwe daraja la watu. Kiwandani walishindwa kwa sababu magogo yalikuwa marefu kuliko meza ya msumeno. Yangechongwa kwa shoka tu.

Baba aliikubali kazi hiyo, kubwa ya kwanza tangu aumie. Baba Mkubwa, ambaye lori lake ndilo lingebeba boriti, alikuja na sura ya msiba.

"Nitakuja kukutazama ukichonga," alisema. "Nikiona mkono umeshindwa, napakia vifaa vyako vyote na wewe unakuja ghalani. Tumeelewana? Sitaki kuitwa usiku kwamba umejikata mguu."

"Tumeelewana, Kaka," Baba alisema.

Nilisikia yote nikiwa nyuma ya pipa. Nikajiambia: Baba Mkubwa atakuja, atamkuta ndugu yake ameshika Kibiongo, na atacheka kama wenzangu wanavyocheka. Nikaapa hatacheka.

Nafasi ilipatikana Baba alipokwenda zahanati kuangaliwa mkono na Mama akaenda sokoni. Niligongagonga mkia wa chuma kwa nyuma mpaka shoka likatoka kwenye mpini wake. Nikachukua mpini wa jembe bovu, mti ulionyooka kama mstari wa rula, nikaukata kwa kipimo cha lile shoka jekundu la ukutani. Nikapasha mkia wa chuma jikoni mpaka ukawa mwekundu, nikautia kwenye mti. Moshi! Nilikohoa, nikasukuma, nikazungusha, mpaka ukatokeza upande wa pili. Ulipopoa niliugonga ukakaa. Nikatikisa. Haukucheza hata kidogo. Nikapiga msasa, nikapaka mafuta, ukang'aa. Nilitaka kunoa hata ule upande bapa wa makali, uliokuwa "umesahauliwa", ila tupa ilikuwa butu. Namshukuru aliyeitumia mpaka ikawa butu.

Ukabaki mpini wa zamani. Nifanye nini na kiwiko kisicho na mtu? Niliupasua vipande, nikawasha moto, nikamchemshia Baba maji ya kuoga.

Baba alirudi jioni amechoka, akaoga. Alipotoka alisema, "Leo maji yamekolea moto. Ahsante, mwanangu."

"Karibu, Baba," nilisema, nimevimba kwa fahari kama kifaranga aliyejifunza kuwika.

Asubuhi nilimkabidhi shoka mbele ya Baba Mkubwa, ambaye alikuwa amewahi na tayari ameketi kwenye kiti cha Mama.

Baba alilitazama kwa muda mrefu. Aligeuza mpini, akaupitisha katika vidole vyake vitatu.

"Umechonga mwenyewe?"

"Ndiyo, Baba. Nimekunyooshea."

"Na ule mwingine uko wapi?"

Hapo ndipo ulimi wangu, ulimi usiochoka, ulipotafuta pa kujificha. "Maji ya jana," nilisema.

Uso wake haukubadilika, lakini macho yake yalifanya kama ya mtu aliyesikia hodi ya habari mbaya. Angeweza kunigombeza. Angeweza kusema kwa sauti, "Kaka, mtoto ameharibu chombo, rudi siku nyingine." Hakusema. Hakutaka nifedheheke mbele ya mgeni. Alikwenda kwenye moja la magogo ya daraja yaliyoletwa uani, akasimama kando yake, akapiga.

Pigo la kwanza lilishuka vizuri, la pili likaenda kombo. Mpini ulikuwa unateleza. Kila shoka lilipogota mtini, mwisho wa mpini ulichomoka pale ambapo vidole viwili vingeukaza, na hakukuwa na vidole. Kwa kuwa ulikuwa umenyooka, ngumi yake ilipita ikikwaruza ubavu wa gogo, na niliona damu kwenye vifundo vya vidole. Aliendelea. Mama alitoka jikoni na sufuria mkononi. Baba akainua shoka tena, akashusha, na chuma kikaruka.

Sikukiona kikiruka, nilikisikia tu. Kililia hewani, kikagonga pipa la maji kwa kishindo, palepale ambapo Mama alikuwa amepita sasa hivi. Pipa likatoboka. Maji yakaanza kutoka kwa mfereji mwembamba.

Baba Mkubwa aliinuka. "Umeona? Umeona mwenyewe? Ungemuua mkeo! Sina hasira na wewe, ndugu yangu, lakini mkono huo umekwisha. Jumamosi naja na lori."

"Baba Mkubwa, si mkono," nilisema. "Ni mimi! Mimi ndiye niliyebadilisha mpini. Nilichoma ule wa zamani."

Alinitazama kwa huruma, akanishika kichwa. "Mtoto mwema humtetea baba yake," alisema, akaenda zake.

Ewe msomaji, niliwahi kusema uongo nikaaminiwa mara nyingi tu. Siku ile nilisema kweli, nikapewa pole.

Nilikaa chini kando ya pipa, nikalia. Baba alifunga vifundo vyake kwa kitambaa, kisha akaja, akachana kipande kingine cha kitambaa kilekile.

"Lete mkono wa kulia."

Nilidhani nachapwa. Alikunja kidole changu cha mwisho na cha pete mpaka vikagusa kiganja, akavifunga vikaze. Kisha akanipa lile shoka jekundu la ukutani.

"Pasua kile kigogo."

Nilipiga. Shoka likanigeukia mkononi kama samaki. Nikapiga tena, likaponyoka likaanguka chini. Mara ya tatu nililikaza mpaka mkono ukauma, na bado mwisho wa mpini ulitoka nje ya kiganja kama mtu anayeaga.

"Vidole viwili vya mwisho," Baba alisema, "ndivyo vinavyoshika shoka. Vingine vinaelekeza tu. Nilipovikosa nilitafuta mti utakaonishikia. Ile ndoano ilikaa hapa." Aligusa chini ya kiganja changu, karibu na kifundo cha mkono. "Na pale ulipopinda, ulikuwa unakwepesha ngumi yangu isikwaruzwe na boriti. Upande bapa wa makali ndio unaolala kwenye mti. Mpini uende kando, makali yaende wima."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Alisema bila ukali. Ndiyo maana liliingia.

"Tuchonge mwingine," nilisema. "Leo. Mimi nitachonga."

Baba alitikisa kichwa. Mti wa mpini ule, alieleza, hauchongwi kutoka ubao. Ukipindisha kwa kuchonga, nyuzi za mti zinakatika na mpini unavunjika penye pindo. Lazima mti uwe umejipinda wenyewe ukikua, pale tawi linapoachana na shina, nyuzi zizunguke nalo. Shina litoe kichwa, tawi litoe mkono. Kisha ukaushwe polepole, msimu mzima. Mti mbichi ukishapigwa jua unanywea, na chuma kinalegea. "Matawi yaliyopinda yamejaa porini," alisema. "Yaliyokauka, mpaka mwakani."

Jumamosi haikuwa mwakani.

Nilizunguka mtaa mzima na vidole vyangu viwili vimefungwa. Sikuvifungua, nilitaka vinikumbushe. Niliangalia nyuzio, vitanda vibovu, kuni za watu. Nilikwenda mpaka kwa mhunzi, ambako binti yake, tuliyekuwa naye darasa moja na tuliyemwita Cheche, alikuwa akivuta mivukuto. Nilimwonyesha chuma na mpini niliouchonga. Alichungulia tundu la mpini wangu, akatia kidole, akakitoa cheusi tititi.

"Ulikwangua makaa?"

"Makaa gani?"

"Jamani!" Alikaa chini ili acheke vizuri. "Ukichoma tundu, ndani unabaki ukuta wa makaa. Ukigonga chuma siku hiyohiyo kinakaa kama kimezaliwa humo. Ukianza kupiga, makaa yanasagika, yanakuwa unga, chuma kinaelea. Kwani ulidhani tunachoma kwa sababu ya baridi?"

"Nilitikisa, hakikucheza."

"Makaa hayachezi ukitikisa. Yanangoja upige." Kisha aliona uso wangu, kicheko kikakatika. "Kiliruka?"

"Kilimkosa Mama."

Cheche aliinuka, akanirudishia mpini. Alisema kwa sauti ya chini, "Ukipata mti, ulete hapa. Usichome jikoni tena."

Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Mama alikuwa akipika, na moshi wa jiko ulikuwa umejaa mpaka darini. Nilisimama mlangoni nikitazama kuta nyeusi, sufuria, kona ile paa linapokutana na nguzo. Pale kwenye kona, gongo fupi lilikuwa limeegemeza paa: nene chini, likapinda, likapanda juu kama mkono wa mtu aliyebeba mzigo begani. Lilikuwa limeliwa na moshi tangu kabla sijazaliwa. Nililigonga kwa kifundo cha kidole. Lililia kama mfupa.

"Mama," nilisema, kisha nikajizuia. Nilikuwa nimekwisha kunyoosha mkono nilitingishe. Niliushusha. "Mama, naomba kukuuliza. Gongo hili tukilitoa, jiko litaanguka?"

Mama aligeuka na mwiko mkononi. Kwa mara ya kwanza tangu chuma kiruke alinitazama usoni. "Litainama."

"Linafaa kwa mpini wa Baba."

Hakufikiri hata kidogo. "Litoe. Paa tutaliegemeza kwa ufagio kama hapana budi. Paa nitapata jingine. Mkono wa baba yako sitapata mwingine." Halafu akaongeza, kwa kuwa ni mama yangu, "Na Bwana Maneno ameuliza kabla ya kushika. Jiko linastahili kuanguka kwa mshangao."

Baba aliligeuza gongo lile, akafuata nyuzi zake kwa ukucha kutoka mwanzo mpaka mwisho. "Lilikuwa juu ya kichwa changu kila siku nikila," alisema, akanipa tezo ya kuchongea. "Wewe ndiye mchongaji. Vidole hivyo usivifungue. Ukishika ukaona linateleza, bado. Likikushika lenyewe, limekwisha."

Nilichonga uani kutwa nzima, na Baba kando yangu. Nilichonga kidogo, nikashika; liliteleza. Nikachonga, nikashika. Mti uliokaushwa kwa moshi hauna haraka na mtu, unatoa vumbi badala ya maganda. Mara mbili nilitaka kunyoosha mahali nilipoona pamekosewa, kwa mazoea ya macho, na mara mbili Baba aliweka kiganja juu ya tezo bila kusema. Mwishoni mwa siku niliuinua mpini, na ndoano ikajibandika chini ya kiganja changu kama mtoto anayeng'ang'ania mkono wa mzazi sokoni. Niliuzungusha. Nikautikisa kwa nguvu zangu zote. Haukutoka.

Nilimpa Baba. Aliupima, akakwangua kidogo pale mkono wake ulipouzidi wangu, akafumba macho.

"Twende kwa mhunzi," alisema.

Mhunzi alikuwa mtu wa kuongea kwa nyundo, kwa hiyo maelezo alimwachia binti yake. Cheche alivuta mivukuto mpaka mkia wa chuma ukaiva. Mhunzi aliuingiza kwenye kichwa cha mpini na kuuchomoa upesi, akaingiza, akachomoa, tundu likibaki jembamba kuliko mkia. Upande wa pili aliacha kitundu cha ncha tu. Kisha Cheche alinipa patasi nyembamba.

"Kwangua. Mpaka uone rangi ya mti, si rangi ya usiku."

Nilikwangua. Unga mweusi ulimwagika magotini. Kila nilipodhani nimemaliza, Cheche alichungulia na kusema, "Bado." Hakuna ambaye angeyaona makaa yale shoka likishafungwa. Wala mtu wa kamati, wala Baba Mkubwa, wala Baba mwenyewe. Nilikwangua mpaka tundu lote likawa la rangi ya mkate.

Chuma kilipopoa kabisa, mhunzi alikigonga ndani. Kilikwenda kwa shida, kikilia, mpaka ncha ya mkia ikachungulia upande wa pili. "La dukani," Baba aliniambia, "kila pigo linalilegeza, ndiyo maana lina kabari. Hili mkia wake ni mwembamba mwishoni na mnene mwanzoni. Kila pigo linausukuma ndani zaidi. Kadiri unavyofanya kazi, ndivyo linavyokaza."

Ijumaa nzima Baba alichonga. Upande bapa wa makali ulilala kwenye gogo ukashuka kama kisu kwenye sabuni; mpini ukapita kando, na vifundo vya vidole vyake havikugusa mti. Boriti ya kwanza ilitoka, ya pili ikafuata. Jioni aligonga mkia ukatoka, akaugeuza robo, akaukaza tena, na kwa kuwa mkia una pembe nne, shoka likawa tezo, makali yakilala kama ya jembe. Akalainisha nalo juu ya boriti, pale miguu yetu itakapopita. Mimi niliondoa maganda. Nilinyamaza mpaka Mama akanishika paji la uso aone kama nina homa.

Tulipokaa kupumzika, Baba alinifungua kile kitambaa. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi.

"Ulitaka kunisaidia," alisema. "Hilo nalijua, ndiyo maana sikukugombeza. Lakini sikia, mwanangu. Macho yalikwambia mpini umepinda, ukayaamini. Mkono wangu ungekwambia kwa nini, hukuuliza. Mtu ukitaka kumsaidia, anza na yeye mwenyewe: muulize anashikaje, panamuuma wapi. Msaada bila kuuliza unaweza kumtupia mama yako chuma kichwani. Na ukifanya kazi, safisha hata pale pasipoonekana. Hapo ndipo chuma kinaposhikilia."

"Nimesikia, Baba."

"Hayo ndiyo maneno yangu ya mwaka huu," alisema. "Yatunze."

Jumamosi lori lilinguruma mlangoni. Baba Mkubwa aliingia na vijana wawili wa kupakia na kamba ya kufungia vifaa. Alikuta boriti mbili zimelala uani, nyeupe, ndefu, na jiko limeinama kidogo upande mmoja kama mtu anayesikiliza.

Alizunguka boriti. Alichuchumaa, akafumba jicho moja, akatazama kutoka mwanzo hadi mwisho. Mama alimletea uzi bila kuombwa. Akauvuta juu ya boriti ya kwanza, kisha ya pili. Hakukuwa na mwanga chini ya uzi.

Badala ya kufurahi, akaanza kubisha. Nadhani woga wake haukujua pa kwenda.

"Sawa, zimenyooka. Umebahatisha. Kesho je? Tazama hilo shoka! Limepinda kama mkia wa mbwa. Tazama huo mkono. Mtu mwenye vidole pungufu, na shoka la kilema, unataka watoto wa watu wavuke juu ya kazi yake? Mafundi wazima wapo. Acha ukaidi, mdogo wangu, vijana wapakie vifaa."

Vijana hawakusogea. Mimi nilifungua mdomo, nikaufunga. Jambo lile halikuwa langu kulijibu.

Baba alikuwa akifuta makali kwa kitambaa. Alimaliza kufuta. Alikwenda ukutani, akalitungua lile shoka jekundu, likiwa na rangi yake yote, akaja akaliweka taratibu mikononi mwa kaka yake, kisha akamwonyesha lile gogo alilozoea kukalia.

"Kaka, wewe vidole vyako vimetimia kumi, na shoka hilo limenyooka. Chonga moja tuone."